Sabuni, Shabu na Bwana Kamusi

Pole, msomaji. Wiki nzima umemwacha Tajiri, mwenye kiwanda, amesimama juani, glasi ya maji yaliyotoka tangini imeinuliwa ili dunia ione yamesafishika, mdomo uko wazi, kamera zinamkodolea, na bila shaka mkono umeshamfa ganzi. Tumhurumie mzee wa watu, tuendelee.

Nyuma yake, kwenye kivuli cha tangi, Bwana Kamusi alikuwa anakufa taratibu.

Jina lake halisi lilishasahaulika hata kwa watu wa mishahara. Alikuwa Afisa Manunuzi wa kiwanda cha kutia rangi ovaroli, na jina la Kamusi alipewa kwa sababu hakuweza kuona neno likipita mbele yake bila kulisimamisha na kulipekua. Kalamu nyekundu haikumtoka mfukoni. Alisahihisha matangazo ya mlangoni, alisahihisha vibao vya vyooni, na safari moja alisahihisha hata kadi ya pole aliyopelekewa mfiwa. Mfiwa alilia mara mbili.

Basi kabla Tajiri hajainua ile glasi, Mkemia alikuwa akiwaeleza wageni jinsi maji machafu ya kiwanda yanavyosafishwa. Akasema kwa sauti yake ya utulivu, "Tunatia sabuni, kisha tunatia shabu. Shabu mnaijua wote, lile jiwe jeupe ambalo kinyozi anakupaka akikukata."

Wageni wote waliitikia kwa vichwa. Hata dereva wa Mkaguzi, aliyekuja kuupima mtambo, aliitikia.

Kamusi peke yake ndiye aliyeruka kama mtu aliyekanyaga msumari.

Shabu! Kumbe ni neno!

Mkemia alipomwandikia, "Niletee shabu, magunia mawili," Kamusi alicheka peke yake ofisini. Mtoto wa watu kasoma kemia mpaka amesahau tahajia! Akaikata ile *u* kwa kalamu nyekundu, akaweka *a*. Shaba. Muuzaji wa dawa alipomuuliza anataka shaba gani, ya waya au ya chumvi, alijibu kwa mamlaka yote ya mtu asiyejua kitu, "Ya kutia majini." Akapewa mrututu, chumvi ya shaba, buluu kama anga. Na fundi wa matangi, anayeitwa Bomba, alipofungua gunia asubuhi akauliza mbona dawa ni ya buluu na yeye aliambiwa ni nyeupe, Kamusi alimwambia, "Toleo jipya hilo, limeboreshwa. Mimina!"

Mkemia hakuliona gunia. Asubuhi nzima baba yake, ambaye ni huyo huyo Tajiri, alimweka ofisini akariri hotuba ya kumsifu yeye Tajiri.

Wakulima hupulizia mrututu kuua ukungu wa mimea. Tumboni mwa binadamu haupelekwi. Na mwenye glasi hakuwa mtu wa njiani tu. Kamusi alikuwa amepeleka posa kwa binti yake, huyo huyo Mkemia, na jibu lilikuwa linangoja siku hii ipite salama. Akinyamaza, anamzika baba mkwe. Akisema, anamzika Kamusi.

Glasi ikagusa mdomo.

"Nzi!" Kamusi akapiga ukelele.

Tajiri akashusha glasi. "Nzi yuko wapi?"

"Kaingia humo, mzee. Nimemwona kwa macho yangu."

Tajiri akachungulia. Mpiga picha naye akachungulia. "Mbona simwoni?"

"Ametoka."

"Kaingia, katoka, sasa shida ni nini?"

"Alikuwa nzi mchafu, mzee."

Wageni wakaangua kicheko. Tajiri akamwaga maji yale chini kwa hasira na kumnyooshea Bomba glasi. Bomba, mtu mwenye mikono mirefu na masikio yaliyochoshwa na ngurumo za pampu, akaijaza tena upesi kutoka kwenye bomba la kutokea, halafu akarudi zake chini kwenye vali ya kumwagia maji ya tangi mtoni, kwenye ukuta wa kando ya mto. Kazi yake ilikuwa huko na hotuba hazimhusu.

Maji yalikuwa bado ya buluu. Wageni walikuwa wameshayapigia makofi mara moja, kwa kuwa yaliingia tangini meusi kama wino na kutoka na rangi hiyo ya kupendeza. Mmoja alisema yanafanana na bahari ya kwenye kalenda. Watu wakishaamua kushangilia, msomaji, hata sumu wataipa sifa.

Glasi ikapanda tena.

"Protokali!" Kamusi akafoka.

"Nini tena wewe?"

"Mgeni kwanza, mzee. Hata nyumbani mwenyeji haanzi kabla ya mgeni wake. Kesho watu wataandika kwamba mheshimiwa Mkaguzi alisimama na kiu yake."

Tajiri aliipenda protokali kuliko pumzi. Akageuka, akainamisha kichwa, akampelekea Mkaguzi glasi kwa mikono miwili.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, uso usiotoa habari. Ndiye aliyekuwa na kalamu ya kweli siku hiyo. Akiridhika, anatia saini kibali, na mtambo wa Mkemia unaanza kazi rasmi. Asiporidhika, kiwanda kinafungwa, na jasho lote la yule binti maabara linakwenda na maji.

"Mimi hukagua maji, siyanywi," alisema. "Anywe aliyeyatengeneza."

Na glasi ikaenda kwa Mkemia.

Kamusi akapiga hatua moja mbele. Amemwokoa baba kwa kumpa sumu binti! Mwanamke aliyempenda kuliko kitu chochote duniani, ukiacha sarufi, alikuwa ameshika mrututu mkononi.

"Subiri!" alisema, lakini sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Haikuhitajika. Mkemia aliinua glasi juani, akaitazama kwa muda, akaiweka chini kwenye ukingo wa saruji. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sinywi," alisema. "Na asinywe mtu."

"Mwanangu!" Tajiri alinong'ona kwa meno yaliyofungwa, huku akizichekea kamera. "Kunywa hata funda moja."

"Baba, nilikwambia tangu mwanzo, haya maji ni ya kurudi mtoni, si ya kunywa. Na leo hata mtoni hayafai. Yalitakiwa yatoke maangavu, uone kidole upande wa pili. Haya ni ya buluu. Rangi ya ovaroli imebaki humo." Akamgeukia Mkaguzi. "Mheshimiwa Mkaguzi, sijui nimekosea wapi. Kipimo cha sabuni, kipimo cha shabu, sijui. Lakini kosa ni langu. Njia yangu imeshindwa."

Wale waliopiga makofi wakaanza kuitazama mikono yao kana kwamba ni ya watu wengine.

Kamusi alisimama pale na hakuamini bahati yake. Ameokoka! Hakuna aliyekunywa, hakuna anayemshuku, na kosa limeshapata mwenyewe. Alichotakiwa kufanya ni kazi nyepesi kuliko zote alizowahi kupewa, yaani kunyamaza.

Akanyamaza.

"Nimekusomesha!" Tajiri alikuwa ameshasahau kamera. "Nimekusomesha, nimekujengea tangi, nimeita watu, halafu unasimama mbele yao unasema hujui! Kwanza nani aliwahi kusikia uchafu unasafishwa kwa sabuni halafu unabaki? Nilisema mimi!"

Hakusema. Alichokuwa amesema ni kwamba wazo ni lake yeye.

Mkaguzi akachomoa kalamu. "Basi nitaandika kwamba jaribio limeshindwa, mtaalamu mwenyewe amekiri."

"Andika, mheshimiwa," Mkemia alisema. Machozi yalikuwa karibu lakini aliyakataza. Kisha, wakati kalamu inatafuta mstari, alimgeukia Kamusi.

"Samahani, kaka. Umehangaika bure. Wewe angalau ulifanya kazi yako sawasawa. Nilikuandikia neno, ukaniletea kitu. Asante."

Asante hiyo ilimwingia Kamusi kama mwiba wa samaki.

Angeweza kuvumilia matusi. Angeweza kuvumilia hata posa kurudishwa. Lakini kushukuriwa kwa lile neno, neno lile lile! Aliona mkono wake mwenyewe na kalamu nyekundu, na ile *a* aliyoichora kwa madaha, na mkia kidogo mwishoni.

Usimsifu mapema, msomaji. Hata hapo alianza kwa kukata kona.

"Mheshimiwa," alisema, "naomba usiandike kwanza. Kuna... tuseme kuna kasoro ya kiuchapaji."

"Wapi?"

"Kwenye gunia."

"Gunia limechapwa vibaya?"

"Gunia limechapwa vizuri sana. Ila kuna herufi moja ilihama."

"Ilihama yenyewe?"

"Ilihamishwa."

"Na nani?"

Kamusi akajikaza kisabuni. "Na mimi. Yeye aliandika shabu. Mimi nikaona hakuna neno kama hilo, nikaandika shaba. Ndani ya tangi hakuna shabu hata punje. Kuna mrututu. Hiyo buluu si ya ovaroli."

Tajiri aliitazama glasi pale ukingoni. Kisha akaushika mdomo wake wote kwa kiganja, akaufuta, akaufuta tena kwa tai.

"Yaani," alisema polepole, "ungeniacha ninywe?"

"Nilikwambia kuna nzi, mzee."

"Nzi! Mimi nakufa, wewe unaniletea habari za nzi!"

Mkemia hakupiga kelele. Alimsogelea Kamusi mpaka akamwona vizuri, na wageni walioanza kucheka wakaacha.

"Ulikuwa hulijui neno," alisema, "ukaamua halipo."

"Nilidhani nikikuuliza nitakuaibisha."

"Kwa hiyo ukanisahihisha kimyakimya, kwa hisani yako."

"Ndiyo. Hapana. Yaani..."

"Na nilipokuwa najianika hapa mbele za watu, ulikuwa unangoja nini? Nukta?"

Kamusi akainamia viatu vyake. Lakini kama angeinua macho angeona jambo jingine. Usoni mwa yule binti hasira ilikuwa inapigana na furaha, na furaha ndiyo iliyokuwa inashinda. Hesabu zake hazikukosea! Njia yake haikushindwa, kwa sababu haikujaribiwa. Alikuwa na hamu ya kumpiga Kamusi kofi na kumkumbatia kwa pamoja, na kwa kuwa alikuwa na adabu hakufanya lolote kati ya hayo.

Mkaguzi akagonga kalamu kwenye ukingo. "Jamani, mimi sikuja kusikiliza imla. Nimekuja kuona maji. Binti, unaweza kunionyesha au huwezi?"

"Naweza. Kwenye mtungi mdogo, hapa hapa. Sabuni ninayo, maji machafu yamejaa kwenye karo la kuingilia. Nipatieni shabu kiganja kimoja tu."

Kiwanda kizima hakikuwa na shabu. Kila mtu akamgeukia mtu mmoja.

"Wewe mwenye herufi!" Tajiri alinguruma. "Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara. Kimbia!"

Kamusi akakimbia. Suti ilikuwa ya kukodi na ilimbana makwapani, lakini alikimbia.

Kinyozi alikuwa amempaka mteja povu mpaka machoni. Alimwona Kamusi kwenye kioo, akatabasamu tabasamu la mtu ambaye amengoja siku nyingi.

"Karibu, mwalimu. Leo umeona kosa gani?"

Hapo ni lazima niseme ukweli wote. Mlangoni kwa kinyozi palikuwa na kibao kilichoandikwa TUNANYOA NYWELE, NDEVU NA WATOTO, na Kamusi ndiye aliyesimama mbele ya wateja akaeleza kwamba watoto hawanyolewi, hunyolewa nywele zao.

"Naomba ile... lile jiwe jeupe."

"Jiwe lipi?"

"La kupaka mtu aliyekatwa."

"Lina jina lake."

Kamusi akatazama chini. "Shabu."

"Sijasikia. Wateja wangu nao hawajasikia."

"Shabu!"

"Iandike basi pale kiooni kwa povu, nisije nikakupa kitu kingine."

Na Kamusi akachovya kidole, akaandika. S, H, A, B, U. Mteja mwenye povu usoni aliisoma kwa sauti, akasema, "Sasa hilo nalo neno gumu?"

Kinyozi akamkabidhi jiwe. Alimwambia pia aende salama, na kwamba watoto wanasalimia.

Aliporudi anahema, walikuwa wameshaweka mtungi wa kioo juu ya saruji. Mkemia alikuwa ameuchotea maji ya karo, meusi tii, yananuka rangi na mafuta ya mitambo. Akamimina sabuni ya maji, akakoroga kwa kijiti. Povu likapanda.

"Si mnaona!" Tajiri alisema. "Povu tupu!"

"Subiri, Baba." Akamgeukia Mkaguzi. "Kila chembe ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa kinapenda maji. Mkia unayachukia maji, unapenda mafuta na uchafu wa namna hii. Sabuni ikiwa kidogo, kila chembe inahangaika peke yake. Ikifika kiasi chake, zinajikusanya duara, mikia ndani, vichwa nje, kama watu waliozunguka sinia moja. Na uchafu unakimbilia katikati, kwenye mikia."

"Kwa nini basi hauzami?"

"Kwa sababu vikundi hivyo vinasukumana. Vichwa vyote vina chaji ya aina moja, hasi, na wenye hasi wawili hawakai kitanda kimoja. Sasa ndipo inapoingia shabu. Yenyewe ina alumini, na chaji yake ni ya upande wa pili, tena yenye nguvu. Inavishika hivi vikundi huku na huku, vinakuwa mabonge, na mabonge tunayachuja pamoja na uchafu uliomo."

"Na shaba?"

"Shaba nayo ina chaji chanya, lakini kwa kazi hii mkono wake ni dhaifu. Haikamati vya kutosha. Halafu yenyewe inabaki majini na kuwa sumu mpya."

"Kama mtu anayeitwa kusuluhisha ugomvi, akaanzisha wa kwake," Mkaguzi alisema, na bila kukusudia akamtupia Kamusi jicho.

Mkemia akalisaga jiwe la kinyozi kwa kitako cha spana, akaliyeyusha kwenye kikombe, akamimina kidogo kidogo huku anakoroga.

Kwanza hakikuonekana kitu. Tajiri akaanza kupumua kwa kelele. Kamusi akafumba macho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliomba bila kupanga sentensi.

Kisha mtungi ukaanza kukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Vipande vyeusi vikazuka, vikashikana, vikanenepa. Mkemia akatandika kitambaa cha pamba juu ya mtungi wa pili, akamimina. Juu ya kitambaa kukabaki ute mweusi, mzito, wa kuchukiza, na Mkemia aliutazama kwa mapenzi. Chini yakadondoka maji.

Yalikuwa maangavu.

Mkaguzi akavua saa yake ya mkononi, akaiweka nyuma ya mtungi, akasoma saa kupitia majini. Akarudia. Hapo ule uso usiotoa habari ukatoa habari moja ndogo, kwenye pembe ya mdomo.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, binti."

Wageni wakapiga makofi kwa mara ya pili, safari hii kwa tahadhari.

"Yananyweka?" Tajiri akadakia.

"Hayanyweki, Baba. Lazima yapimwe kwanza sabuni na alumini iliyobaki."

"Hata funda moja? Kamera bado zipo."

"Baba!"

Mkemia alikuwa anacheka na kulia. Alijifuta kwa mkono wa koti la maabara, akajipaka weusi shavuni, na Kamusi aliona hajawahi kuona shavu zuri kama lile. Akasogea, akanong'ona.

"Na lile jibu la posa?"

Mkemia akamgeukia. "Umechelewa kusema. Lakini umesema, na ulikuwa umeshaokoka. Hilo nimeliona." Kisha akaongeza, "Jibu nitakuandikia. Usiguse hata herufi."

Kamusi, mtu mzima na suti yake ya kukodi, karibu aruke. Kifua kikaanza kumjaa upya. Na hapo, msomaji, ndipo ungemhurumia, kwa sababu debe tupu haliachi kuvuma kwa siku moja.

Mkaguzi akakunjua kibali juu ya ukingo. Akakiweka sawa. Kalamu ikashuka, ikasimama hewani.

"Kabla sijasaini. Hilo tangi la mrututu bado limejaa?"

"Limejaa," Mkemia alijibu. "Halijafunguliwa."

"Na lisifunguliwe. Huko chini mtoni kuna mabwawa ya samaki, na samaki na shaba hawapatani. Tangi likae hivyo hivyo mpaka mlitibu upya. Nataka nisikie agizo likitolewa, kwa masikio yangu."

"Mkwe," Tajiri alisema, na neno hilo Kamusi alilisikia mpaka kwenye unyayo, "mpigie Bomba."

Kamusi akatoa simu, akafungua spika ili wote wasikie. Akasafisha koo.

"Bomba. Hapa naongea mimi. Maji ya tangini, acha."

Kwenye spika pampu ikanguruma. "Niachie?"

"Acha!"

"Achia. Sawa, bosi."

"Siyo achia. Acha! Mwisho wake ni *a* tupu, haina *i* kabla yake!"

"Achia maji, nimekusikia. Naenda kwenye gurudumu."

"Sikiliza wewe! Hayo ni maneno mawili tofauti." Kamusi akafumba macho, akainua kidole, na ile sauti ya mimbarini ikamrudia kana kwamba haijawahi kumtoka. "Acha ni kukoma, kutoendelea na jambo. Achia ni kauli ya kutendea, ambayo maana yake ni kulegeza kitu ili kiende. Sasa ukichukua kiini cha kitenzi..."

"Sema funga!" Mkemia alipiga kelele. "Mwambie funga!"

"Ngoja kwanza aelewe tofauti..."

Kwenye spika ngurumo ya pampu ikafunikwa na ngurumo nyingine, nzito, ya kitu kikubwa kinachokwenda kwa furaha.

Mkemia akampokonya simu. "Bomba! Funga vali! Funga!"

"Dada? Gurudumu limegoma kurudi, lina kutu. Lakini usijali, yanatoka vizuri. Yamependeza, ya buluu mpaka kule kwenye mabwawa." Kisha sauti ya Bomba ikashuka, ikawa ya adabu. "Ila kuna bibi mmoja yuko hapa ukutani na viatu vya mpira, amekuja mbio. Anasema samaki ni wake. Anasema pia mkwewe ni mkaguzi na yuko huko juu kwenu."

Mkaguzi alishika ukingo wa saruji. "Mama mkwe," alisema, si kwa mtu yeyote.

"Anauliza haya maji ni ya nani," Bomba aliendelea.

"Umemwambia nini?" Mkemia aliuliza.

"Ukweli, dada. Nimemwambia ni ya kwako."

Mkaguzi akaifunika kalamu yake, kibali kikabaki bila saini.